Mate Yanapotokea Shavuni: Jinsi Mfereji wa Punda Unavyoungwa

Punda wa mkokoteni akichanwa na bati kwenye kichochoro cha Baba Dogo, mtaa wa Nairobi, mwenyewe huhangaikia damu. Damu ikikatika na ngozi ikashonwa, kazi huonekana imekwisha. Baadaye punda anatafuna nyasi na shavu linachuruzika majimaji maangavu, yasiyo usaha. Hayo ni mate: ngozi ilishonwa, mfereji wa mate ukaachwa umekatika.

Mfereji huo huanzia kwenye tezi ya parotidi, chini ya sikio. Hupita upande wa ndani wa taya, ukazunguka ukingo wake wa chini pamoja na mishipa ya damu ya uso, kisha hupanda shavuni na kufunguka kinywani, mkabala na gego la tatu la juu. Pale ukingoni hauna kinga ila ngozi na nyama kidogo. Farasi, jamaa ya punda, hutoa mate lita 35 hadi 40 kwa siku, na tezi hii hutiririka anapotafuna. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni nyasi: mpe ale, tazama kidonda.

Jeraha likiwa bichi, daktari wa mifugo hutafuta ncha mbili. Ya upande wa tezi hujitambulisha kwa kutoa mate. Ya upande wa kinywa ni kavu, hivyo hupitisha mrija mwembamba wa plastiki kupitia tundu la shavuni, ndani ya kinywa, hadi utokeze kidondani. Huuingiza kwenye ncha ya upande wa tezi, kisha hushona kuta za mfereji juu yake kwa uzi mwembamba mno. Mrija hubaki wiki kadhaa ili kovu lisizibe njia.

Jeraha likikawia, wakati mwingine hujifunga lenyewe. Lisipojifunga, mara nyingi hubaki njia ya kuua tezi: mfereji hufungwa kwa uzi, tezi ivimbe kisha inyauke, au hudungwa fomalini ya asilimia 10. Mnyama huishi kwa tezi zilizobaki, lakini kiungo kizima kimepotea.

Tofauti ya njia hizo huamuliwa mtaani, kabla ya daktari. Kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, ng'ambo ya jiji, na punda ndiye riziki ya nyumba, hivyo ni rahisi kukawia. Basi kidonda cha taya kioshwe, kifunikwe kwa kitambaa safi, daktari aitwe siku hiyohiyo. Asiyeukagua mfereji asiishone ngozi.