Ngoma Iliyopasuka Ikawambwa Tena

Wengi wetu twadhani ya kuwa muziki wa kishindo hauwezi kumtukuza Mungu. Basi na tuipime bendi ya roki iitwayo Stryper, iliyoanza California, Marekani, mwaka wa 1983. Michael Sweet aliimba, nduguye Robert akapiga ngoma. Jina lao lakumbusha mapigo ya Bwana, Isaya 53:5.

Magitaa yao yalinguruma kama radi, nao waliwarushia wasikilizaji Biblia. Jambo hilo lilituchukiza kwanza. Kisha tukamkumbuka yule mpanzi, ambaye naye hakuchagua udongo. Sahani yao ya mwaka wa 1986 iliuzwa zaidi ya 1,000,000.

Lakini katika nyimbo za sahani ya mwaka wa 1990 ushuhuda ulififia, kishindo kikabaki. Hapo ndipo tunapowalaumu, wala si kwa ukali wa magitaa. Wahenga walinena, ngoma ikivuma sana hupasuka: mwaka wa 1992 Michael alijitenga. Mwaka wa 2003 wakapatana, ngoma ikawambwa tena, nao wakarudi kumwimba Bwana waziwazi.

Basi tusiihukumu ngoma kwa mlio wake tu. Kwanza tusikilize inamwita nani.