Mita Moja ya Kanvasi, Picha Nne Ukutani!

Jamani, ukuta mtupu umekosa kisingizio! Picha yako mwenyewe, imechapishwa kwenye kanvasi, ukaivuta kwa mikono yako juu ya fremu: hiki kitu kimeniteka kabisa, na naandika haya gundi ya mbao ikiwa bado kwenye kucha. Sikutegemea pambo la bei nafuu lipendeze namna hii.

Siri ni kugawana kazi. Ukinunua picha ya kanvasi iliyokamilika unalipia vitu vitatu: uchapishaji, mbao na ufundi wa kuvuta kitambaa. Uchapishaji hauna ujanja, maana mashine pana ya kuchapia huna. Mbao ni za bei ndogo. Huo ufundi wa kuvuta ndio unaopandisha bei, na unajifunza mchana mmoja!

Sasa shika kalamu. Wachapaji wa mabango hapa Dar, wa Kariakoo wakiwemo, hutoza kwa mita ya mraba. Picha ya sentimita 40 kwa 40 inahitaji ziada ya sentimita 5 kila upande ya kukunjia nyuma, kwa hiyo inakula 50 kwa 50. Zipange nne kwenye faili moja: zinaenea mita moja ya mraba kamili, hakuna kipande kinachobaki! Fremu nne zinataka mita 6.4 za mbao, na mbao mbili za futi 12 zinakupa zaidi ya mita 7. Nilipopiga hesabu hiyo nilicheka peke yangu.

Na simu yako inatosha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000. Ikate iwe mraba wa 3000, itandaze kwenye sentimita 50, unabaki na takriban pikseli 150 kwa inchi. Kwa kanvasi ni safi kabisa, kwa sababu mfumo wa kitambaa humeza dosari ndogo na picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali. Ila usimtumie mchapaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida; itabanwa hadi ipoteze ubora. Itume kama faili, au mpelekee kwenye flashi.

Tuje kwenye utamu wenyewe. Chukua mbao ya paini ya inchi moja kwa mbili, iliyokauka vizuri, ncha zikatwe nyuzi 45, gundi na misumari midogo. Pima kwa futi kutoka kona hadi kona, pande zote mbili; vipimo vikilingana, fremu imekaa sawa. Kisha piga randa upande wa mbele, mbao iteremke kidogo kuelekea ndani, ili kanvasi iguse ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, mstari wa mbao utajichora juu ya picha.

Laza kanvasi kifudifudi, weka fremu juu, shika stepla ya mkono, ile ya mafundi makochi. Pini ya kwanza katikati ya upande mmoja. Vuta, piga ya pili upande unaotazamana nao. Kisha pande mbili zilizobaki, ndipo usogee polepole kuelekea kona, ukibadilishana pande. Kona unazikunja bapa, mkunjo mmoja juu ya mwingine, pini mbili, basi. Igeuze, igonge kwa kidole: inalia kama ngoma! Hapo karatasi ya kuchapishwa imesahaulika. Umeshika kitu chenye uzito na kina, na picha inazunguka hadi ubavuni.

Kasoro zipo. Skrini ya simu inawaka, kanvasi haiwaki, kwa hiyo rangi hutoka nzito zaidi. Ongeza mwanga kidogo kabla ya kuchapisha. Wino mwingine hunuka na huweza kupasuka kwenye mikunjo, basi uache ukauke vizuri kabla ya kuvuta, na usikunje kwa pupa. Omba kukishika kitambaa kwanza, usije ukapewa plastiki ya bango. Na kwa unyevu wetu wa pwani, bandika vipande vya mpira nyuma ya kona ili hewa ipite, halafu usitundike panapopigwa na jua la mchana.

Chapisha vya kwako: jahazi uliloliona Kunduchi, mikono ya bibi akisuka ukili, mlango wa Mji Mkongwe. Kazi ya mchoraji usiichape, inunue kwake. Wala usidharau malighafi ya bei nafuu: mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini humu mwaka 1968, alitumia vibao vya bei nafuu na rangi za kung'aa za baiskeli, na mtindo wake ukaja kujulikana duniani. Unafuu wa malighafi haujawahi kuzuia ukuta kupendeza.

Hukumu yangu? Usinunue iliyo tayari, nunua stepla! Na kama mita nzima ni nyingi kwa nyumba yako, changia na jirani: picha mbili zake, mbili zako, gharama nusu kwa nusu. Wangu ameshaleta flashi.