Kompyuta ya Hedaya: Ndani Mna Nini?

Tumezoea kuisifu hedaya kwa sura yake. Kompyuta ikitoka Dar es Salaam kwenda kwa mpwa aliyeko Mkange, kule Halmashauri ya Chalinze, upande wa Hifadhi ya Saadani, watu huuliza ni ya chapa gani na imenunuliwa kwa kiasi gani. Programu zilizomo hakuna azitajaye, ilhali ndizo atakazozitumia mtoto.

Hebu iwashe. Mara nyingi utakuta menyu za Kiingereza kitupu, na mambo yasiyofunguka ila kwa intaneti, na bando la mtoto ni la kubahatisha. La kusikitisha zaidi, programu ya kuandikia ni nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli. Wapo wasemao kuwa mwenyewe ni tajiri, yuko Marekani, hatadhurika. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwaka 1988 iliamua kuwa haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Utajiri wa mwenye mali haukutajwa kuwa ruhusa. Tena nakala hizo ndizo zinazopenda kuja na virusi.

Wala hatuna udhuru wa kukosa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili, bure, na idhini ya kuinakili. Kazi ile naisifu, ila nina neno. Programu hurekebishwa mara kwa mara, na tafsiri isiyoandamana nayo huachwa nyuma. Shangwe ya uzinduzi haikutosha. Leo inayoendelezwa ni LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, nayo ina Kiswahili chake. Itie hiyo. Itie na Kiwix, ili Wikipedia ya Kiswahili isomwe bila ya intaneti. Na ikiwa mashine ni kuukuu yenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi Linux haina malipo.

Kama kompyuta ilikuwa yako, kumbuka sitara. Picha za harusi, barua, madeni ya duka: ukizifuta kwa kawaida katika diski ya kuzunguka, linaloondoka ni jina tu katika orodha, zenyewe hubaki mpaka kiandikwe kingine juu yake, na mjuzi aweza kuzirudisha. Ipo programu ya kufuta kabisa. Iache ifanye kazi usiku kucha, ndipo upange mapya.

Kisha, kabla ya kuifunga, kata intaneti, umwite mtoto wa rika la mpwa wako aandike barua moja na kuihifadhi. Usimwelekeze. Atakapokwama ndipo pa kutengeneza, maana Mkange hutakuwapo.