Namba Kwenye Bawa Si Uchafu

Picha nyingi za kondori wa California zinazopigwa kwenye makorongo ya Arizona zina ujanja mmoja: lebo ya namba iliyo kwenye bawa haionekani. Mpiga picha kasubiri pembe nzuri, au kaifuta kwa kompyuta. Unabaki na mabawa ya karibu mita 3 na miamba myekundu nyuma. Kupendeza, zinapendeza. Lakini hebu jiulize, umeambiwa nini hapo?

Umeambiwa huyu ni ndege wa porini ambaye mkono wa mtu haujamgusa. Si kweli. Mwaka 1987 kondori wote waliobaki duniani, 27 tu, walikuwa wamefungiwa ili wazalishwe. Arizona walianza kuachiwa 1996, kwenye Vermilion Cliffs. Kwa namba ile watafiti hujua nani yu hai, nani ana kinda, nani anaumwa.

Anaumwa nini? Risasi. Kiswahili kinatusaidia hapa: metali na kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja. Kondori hula mizoga, na vipande vya risasi alivyoacha mwindaji kwenye nyama humtia sumu. Hicho ndicho chanzo kikuu cha vifo vyao porini.

Sasa ukisimama Navajo Bridge na kamera yako, mpige namba ikisomeka. Picha hiyo inaonyesha ndege aliyeponea chupuchupu, na bado hajapona. Ile iliyosafishwa inaficha habari yenyewe.