Sekunde 24 za Hixon

Tarehe 6 Januari 1968, saa sita na nusu hivi mchana, treni ya abiria iliyotoka Manchester kwenda London iliparamia lobedi iliyokuwa ikivuka reli pale Hixon, Staffordshire, Uingereza. Lobedi hiyo ya kampuni ya Wynns, pamoja na kichwa kilichoivuta mbele na kingine kilichoisukuma nyuma, ilikuwa na urefu wa mita 45, na ilibeba transfoma ya tani 120. Gari la polisi liliisindikiza. Watu 11 walikufa.

Kinachoifanya ajali hii ifae kuchambuliwa hadi leo ni kwamba mitambo ya kivuko ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Taa ziliwaka na vizuizi vikashuka, kila kimoja kwa wakati wake. Ubovu ulikuwa kwenye hesabu.

Kwa desturi ya zamani, kivuko kilikuwa na mlinzi wa geti. Geti na ishara za treni vilifungamanishwa, hata dereva wa treni asingepewa njia mpaka barabara ifungwe. Mfumo huo ni salama, ila una mishahara ya kulipa, na magari husubiri dakika kadhaa. Katika miaka ya 1960 Uingereza ikaiga vivuko vya kujiendesha vilivyokuwa vikitumika katika Ulaya bara, na Hixon ilipata chake mwaka 1967. Treni yenyewe ndiyo iliyokiamsha: ikifika kama mita 900 kabla ya kivuko, magurudumu yaligusa kifaa kilichofungwa relini. Taa nyekundu zikamweka kwa sekunde 8, vizuizi vikashuka kwa sekunde 8 nyingine, na baada ya sekunde 8 zaidi treni ya mwendo wa juu kabisa ikawa imefika. Jumla 24.

Vizuizi vilifunga upande wa kuingilia tu. Upande wa kutokea uliachwa wazi ili gari lililokwisha kuingia lisinaswe ndani. Uwazi huo ndio uliolazimisha muda uwe mfupi, kwa sababu dereva akisubiri sana bila kuona treni hushawishika kuzunguka kizuizi. Mantiki hiyo ni nzuri, na siidharau. Kwa gari dogo au basi, sekunde 24 zinatosha na kubaki.

Sasa weka lobedi hapo. Ilikuwa ikienda kilomita 3 hivi kwa saa, yaani haifiki hata mita moja kwa sekunde. Mwili wote wa mita 45 ulihitaji karibu dakika nzima kuondoka relini. Kwa hiyo, iwapo treni ingekiamsha kivuko mara tu baada ya lobedi kuanza kuvuka, hakukuwa na ujanja wa dereva wa kuiokoa. Dereva wa treni naye hakuwa na ishara yoyote ya kumweleza kama kivuko ki tupu, na mita 900 hazikumtosha kusimama kwa mwendo ule. Mfumo mzima uliegemea dhana moja: kwamba barabara itakuwa tupu.

Waliobuni waliliona pengo hilo, wakaliziba kwa simu. Pembeni ya kivuko palikuwa na simu ya kumpigia mhudumu wa ishara, na kibao kilichowataka wenye mizigo mizito wapige kabla ya kuvuka. Kibao chenyewe kilikuwa na maandishi madogo, kimewekwa pale pale relini, mahali ambapo dereva wa lobedi hawezi kukisoma bila kusimama na kushuka. Msafara wa Hixon haukupiga simu. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba mwaka 1966, kule Leominster, lobedi nyingine ya Wynns ilinusurika kugongwa kwenye kivuko cha aina hiyo hiyo. Kampuni ikalalamika, na wakubwa wa reli wakajibu kwa kumlaumu dereva. Onyo hilo lilikuwa bora kuliko majaribio yoyote, na likaishia kwenye faili.

Uchunguzi wa hadhara ulioongozwa na mwanasheria Brian Gibbens haukumtwisha lawama mtu mmoja. Matokeo yake bado yanaonekana kwenye barabara za Uingereza: taa ya njano ilitangulizwa kabla ya nyekundu, muda wa onyo ukaongezwa, na vibao vikubwa vikawekwa vinavyomkabili dereva kabla hajafika, vikiagiza magari makubwa au ya polepole yasimame na kupiga simu. Leo kanuni za barabarani zinataja hata kipimo: gari lolote lisiloweza kuzidi kilomita 8 hivi kwa saa linahesabiwa kuwa la polepole.

Kwa maoni yangu simu ni kiraka, hata kibao kiwe kikubwa vipi, maana inamtegemea mtu aliyechoka kukumbuka. Dawa yenyewe ni kurudi kwenye ufungamano wa zamani kwa vifaa vipya: vizuizi vinavyofunga barabara nzima, rada inayopekua katikati ya reli, na ishara ya treni inayobaki nyekundu mpaka rada iridhike. Vivuko vya namna hiyo sasa vipo Uingereza. Vinagharimu zaidi, na foleni ya magari hurudi kuwa ya dakika kadhaa. Reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania imelikwepa suala zima kwa kupitisha barabara juu au chini ya reli. Reli ya zamani ya upana wa mita moja, inayokatiza mitaa ya Dar es Salaam, bado inaishi na vivuko vyake.