Jina la Mhusika na Jina la Mwigizaji: Kijana wa Filamu Katika Bonde la Ufa

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umezoea kumtafuta mtunzi. Dhamira huulizwa kwake, falsafa huchimbuliwa kwake, na sifa au lawama humwangukia yeye. Mwigizaji, ambaye kwa mwili na sauti yake ndiye huifikisha kazi kwa hadhira, aghalabu hutajwa kwa jina tu, ikiwa atatajwa. Makala haya yanamchunguza mwigizaji kijana wa filamu nchini Kenya kupitia kazi mbili: Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga na Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge. Swali lake ni moja: jina la mhusika linapomeza jina la mwigizaji, nani hufaidika na nani hulipa? Swali hili lina uzito wa pekee mjini Nakuru na katika Bonde la Ufa la kati, ambako mnamo Januari 2008 jina la mtu lilitosha kuamua iwapo angelala kwake au angelala uwanjani chini ya turubai.

Kumezwa kwa jina si jambo geni katika maonyesho ya Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, aliingia katika nyumba za Wakenya kwa miongo kadhaa kupitia Vitimbi, na taifa likamlilia kwa jina la Mzee Ojwang'. Mary Khavere hujulikana zaidi kama Mama Kayai. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Wanjau hakuwa Mjaluo, ilhali lafudhi, kofia na hasira za Ojwang' zilikubaliwa na hadhira kana kwamba alizaliwa nazo. Vichekesho vilimpa ruhusa ya kuvuka mpaka wa kabila, naye akavuka bila kuulizwa kibali. Jina alilovishwa lilikuwa la mtu anayependwa, na kwa hiyo kulivaa hakukumtia hasara. Je, hali huwaje jina lenyewe likiwa la mtu anayeogopwa?

Nairobi Half Life inalikaribia swali hili kwa njia ya mkato. Filamu hiyo ilizaliwa kutokana na mafunzo yaliyoendeshwa na One Fine Day Films ya Ujerumani kwa ushirikiano na Ginger Ink ya Nairobi, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya katika shindano la Oscar la filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012. Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za kigeni na kuwavutia wanunuzi kwa kuziigiza, akirukaruka na kufyatua bunduki isiyokuwapo. Ndoto yake inampeleka Nairobi, ambako ananyang'anywa mali siku ya kwanza, anatiwa korokoroni, na hatimaye anaishi maisha mawili: mchana mazoezi ya tamthilia, usiku wizi na genge la Oti.

Kazi ya Wairimu ni ngumu kuliko inavyodhihirika mara moja. Anamwigiza mtu anayeigiza, na kila tabaka la uigizaji huo lina ubora wake. Kule kijijini Mwas anaigiza kwa kuiga, mikono ikitangulia maana. Jukwaani Nairobi, baada ya kuuona ujambazi kwa macho yake, mwili wake unatulia na sauti inapata uzito. Tofauti hiyo haielezwi kwa maneno ya mwandishi wa muswada. Inabebwa na mwigizaji peke yake, kwa jinsi anavyosimama na kunyamaza. Uhakiki unaotazama muswada tu hauwezi kuiona.

Hata hivyo, filamu ina dhana moja inayohitaji kupingwa, nayo ni kwamba msanii hana budi kwenda Nairobi ili awe msanii. Katika riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), safari ya kijana inaelekea upande mwingine: Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuishia Kitale, naye bara anapata nasaba yake. Kwa Mwas, bara ni mahali pa kuondokea. Baina ya kijiji na jiji kuu filamu haioni jukwaa lolote. Ilhali Nakuru, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, una ukumbi wake wa Nakuru Players, na shule za Bonde la Ufa zina mazoea ya miaka mingi ya tamasha za drama. Huko ndiko vijana wengi hujifunza kwanza kusimama mbele ya watu. Kinachokosekana ni kazi ya kumpokea kijana anapomaliza shule. Wala Nairobi kwenyewe si ngome: Phoenix Players, kundi lililolea waigizaji wengi, lilifunga milango yake mwaka 2017. Olwenya Maina, aliyemwigiza Oti kwa nguvu isiyosahaulika, alifariki mwaka 2022, na kwa watazamaji wengi aliondoka akiwa bado Oti. Miaka kumi baada ya filamu, jina la jambazi ndilo lililobaki midomoni.

Something Necessary inaligeuza suala hili kuwa la dharura. Anne, anayeigizwa na Susan Wanjiru, ni muuguzi aliyenusurika uvamizi wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mumewe ameuawa, mwanawe amejeruhiwa vibaya, shamba limeharibiwa. Joseph, anayeigizwa na Walter Kipchumba Lagat, ni kijana aliyekuwa miongoni mwa wavamizi, ambaye sasa anaandamwa na dhamiri na anatafuta namna ya kufidia. Ghasia zenyewe ziliua watu zaidi ya 1,100 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa makao ya maelfu ya waliofukuzwa.

Mtazamaji wa Nakuru haisomi orodha ya waigizaji kama mtazamaji wa Toronto, ambako filamu hiyo ilionyeshwa mwaka 2013. Kwake Wanjiru na Lagat si sauti tu. Ni majina yenye upande. Ruhusa aliyopewa Wanjau ya kuvuka mpaka kwa kicheko haipo hapa. Lagat anamwigiza mhalifu akiwa na jina ambalo hadhira inaweza kulifungamanisha na uhalifu wenyewe kabla hajatamka neno. Anachokabili, basi, si ugumu wa sanaa pekee. Jina la Joseph likimmeza kama Ojwang' alivyommeza Wanjau, hatakuwa amepata umaarufu; atakuwa ametwishwa shutuma.

Bertolt Brecht alimtaka mwigizaji amwonyeshe mhusika badala ya kugeuka kuwa yeye, ili hadhira ipate nafasi ya kuhukumu. Nadharia hiyo kwa kawaida hufundishwa kama suala la mtindo. Katika Bonde la Ufa ni suala la usalama na la utu. Joseph lazima awe mtu kamili kiasi cha kuaminika, lakini asitetewe kiasi cha kumfuta Anne. Lagat anapita katika njia hiyo nyembamba kwa kujizuia: hamwombei mhusika wake machozi ya mtazamaji. Aibu ya Joseph inaachwa ionekane katika kazi ya mikono na katika macho yanayokwepa, na mtazamaji anabaki na mzigo wa kuamua kama fidia ya namna hiyo yatosha.

Yamkini itadaiwa kwamba hadhira inajua kutofautisha mchezo na maisha, na kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Lakini hadhira iliyomwita Wanjau Ojwang' hadi kaburini ni ile ile. Kutofautisha hakuji kwenyewe. Hufundishwa, na mhakiki ni mmoja wa walimu wake. Anapoandika kwamba "Joseph anajuta" bila kumtaja aliyeujenga mwili wa majuto hayo, anashiriki katika kummeza mwigizaji.

Kwa hiyo taaluma ya mwigizaji kijana haipasi kupimwa kwa idadi ya tuzo wala kwa umbali aliosafiri kutoka kwao. Ipimwe pia kwa uzito wa dhima aliyokubali kuibeba mbele ya watu wanaomjua. Mwas aliondoka ili ajulikane. Aliyemwigiza Joseph alijulikana kabla ya kuanza, na bado akasimama mbele ya kamera. Huo ni ujasiri wa kisanaa unaostahili kuhifadhiwa katika kumbukumbu za uhakiki kwa jina lake mwenyewe: Walter Kipchumba Lagat, mwigizaji.