Karatasi Nane za Kizingiti

Kazi nyingi za saiba za Makupa hazina makuu: fomu za KRA, barua za kuomba kazi, kopi za vitambulisho. Ndiyo maana nilisimama kumtazama kijana wa saiba moja karibu na mzunguko, pale matatu za Changamwe zinapoingia kisiwani, alipoletewa mchoro wa kizingiti cha juu cha mlango. Urefu milimita 1,500, kimo 250, nakshi tupu mwanzo hadi mwisho.

Aliyeuleta ni seremala mtu mzima, flashi mfukoni. Kizingiti cha zamani kimeliwa na mchwa huko Mji wa Kale, eneo lililotangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1990, na kipya sharti kifanane nacho ua kwa ua. Nakshi ilinakiliwa kwa kutandika karatasi juu ya ubao na kusugua penseli, kisha ikachorwa upya kwenye kompyuta. Sasa yatakiwa kwa ukubwa wake halisi, na printa iliyopo inameza A4 tu.

Kijana hakugusa kompyuta. Alichukua kalamu. A4 ni 210 kwa 297. Printa haifiki ukingoni. Ikiachiwa milimita 5 kila upande hubaki 200 kwa 287. Toa tena 10 za kupandishia karatasi moja juu ya mwenzake. Zikilazwa, kimo cha 200 hakifikii 250, basi ni safu mbili za karatasi sita sita. Zikisimamishwa, safu moja yatosha na kila karatasi inasogeza mchoro milimita 190.

"Nane, mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa.

Karatasi nne si pesa. Nadhani alichokwepa ni ule mshono mrefu wa safu mbili, ambao ungekata kila ua.

Akatoa karatasi ya kwanza peke yake. Pembeni alikuwa ameweka mstari wa milimita 100. Akaulazia rula ya chuma: 97. Programu ilikuwa imeupunguza mchoro ili uenee ndani ya kingo, kimyakimya, kama kawaida yake. Asilimia 3 yaonekana ndogo, lakini kwenye kizingiti kizima ni milimita 45, zaidi ya vidole viwili. Akarudisha asilimia 100, akatoa nyingine, akapima kwa urefu na kwa upana pia, maana magurudumu ya printa yaweza kuivuta karatasi upande mmoja tu. Ndipo akaziruhusu zilizobaki.

Kuunganisha ndiko kulikonishika zaidi. Karatasi nane zina mishono saba, na nusu milimita ikipotea kila mshono, mwishoni zimepotea tatu na nusu. Kwa hiyo hakuanzia kushoto. Alipiga mstari mmoja mrefu mezani, akaanza na karatasi mbili za kati, akaenda nje huku na huku, kila alama ikipimwa kutoka katikati, si kutoka kwa jirani yake. Selotepu ilikuja mwisho kabisa. Halafu akapima kona kwa kona, pande zote mbili, na vipimo vikalingana.

"Igandishe leo leo," akamwambia seremala. Unyevu wa Mombasa huitanua karatasi, tena zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu.

Mafundi wa majahazi wa Lamu huunda chombo kizima kwa macho, bila mchoro, na huyu seremala naye angeweza kuchonga nakshi yake mwenyewe vivyo hivyo. Ila hapa anafuata mkono wa fundi mwingine, na kizingiti kitakaa juu ya miimo ya zamani. Karatasi ataigandisha kwenye mbao, patasi ipite juu yake hadi iishe vipande vipande.

Akauliza kama mlango mzima wawezekana, pamoja na miimo na mfaa wake.

"Huo peleka mjini kwa wenye plota," kijana akajibu, akihesabu chenji. "Mishono ikiwa mingi hivyo, mimi sikudhaminii."